Sura ya Nne: Kitabu cha Chama Kinapoingia kwenye Kompyuta

Jumapili alasiri mitaa ya Eastlands, Nairobi, hujaa vikao. Umoja, Kayole, Dandora, Jericho, Kaloleni, kote huko utakuta watu kumi au kumi na watano wamekaa sebuleni kwa mwenzao, chai iko mezani, na katibu amefungua daftari kubwa la jalada gumu alilolichora safu kwa rula: jina, simu, mwezi, mchango, mkopo, riba, faini, salio. Chama kimoja hukusanya shilingi 500 kwa mwezi, kingine 5,000. Kimoja ni cha kupeana kwa zamu, kingine kinaweka akiba ya kununua ploti Joska au Kamulu. Daftari hata hivyo ni la aina moja, na ubishi wake ni wa aina moja. Mtu anasema alilipa mchango wa Machi. Katibu anapekua kurasa za nyuma, anakuta jina limeandikwa kwa namna tatu, namba ya zamani ya simu iko ukurasa wa 4 na mpya iko ukurasa wa 19, na salio la ukurasa mmoja halilingani na la ukurasa unaofuata.

Aliyewahi kuwa katibu wa chama kama hicho kwa mwaka mmoja ameshakutana na karibu kila tatizo ambalo hifadhidata ya uhusiano, ile inayopanga taarifa katika majedwali, ilibuniwa kulitatua. Ndiyo maana naianzia sura hii sebuleni hapo. Vijana wengi wanaojifunza SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata hiyo, huku kwetu huanza kwa kukariri amri, na baada ya muda wanajua kuandika SELECT bila kujua wanachokiuliza. Amri ni chache na hazina ugumu. Kazi yenyewe iko katika kuamua mstari mmoja wa jedwali unasimamia jambo gani, kisha kuulinda uamuzi huo miaka yote ambayo watu watakuwa wameweka fedha zao humo.

Wazo la majedwali lina mwenyewe. Edgar Frank Codd alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akarusha ndege za kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akahamia Marekani na kuajiriwa na IBM. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyo ilikuwa na mfumo uitwao IMS, uliobuniwa kufuatilia vipuri vya roketi za mradi wa Apollo. Ndani ya IMS kila taarifa ilikaa chini ya taarifa nyingine, na programu iliyotaka jibu ilipaswa kuijua njia nzima ya kulifikia. Mpangilio ulipobadilishwa, programu zilizotegemea njia ile ziliharibika. Juni 1970 Codd alichapisha makala katika jarida la Communications of the ACM akipendekeza jambo jingine: taarifa zote zikae katika majedwali ya kawaida, anayeuliza aseme anachokitaka, na njia ya kukipata iachiwe mashine.

Wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza mwaka 1974 lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, jina ambalo baadaye lilifupishwa kuwa SQL kwa kuwa kampuni ya kuunda ndege ya Uingereza, Hawker Siddeley, ilikuwa imelisajili kama alama yake ya biashara. Boyce alifariki mwaka huohuo, bado kijana, bila kuona lugha yake ikienea. IBM ilijikokota, na mwaka 1979 kampuni changa ya California, ambayo leo inaitwa Oracle, ikaitangulia kuuza hifadhidata inayozungumza SQL. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, na mwaka 1986 SQL ikawa kiwango rasmi nchini Marekani. Yamepita makumi ya miaka, lugha nyingi za programu zimekuja na kupotea, na swali aliloandika mtu kwa SQL mwaka 1986 bado linasomeka. Kijana wa Kayole mwenye muda mchache na fedha chache za kujisomesha hana pa kuweka muda wake penye faida kuliko hapa.

Mstari mmoja ni nini?

Litazame daftari tena. Kila mstari wake umebebeshwa mambo manne kwa mpigo: mtu, malipo, deni na hesabu. Mtu akibadilisha namba ya simu, itabidi irekebishwe kila ukurasa, na ukurasa mmoja ukisahauliwa, daftari lina namba mbili na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Mtu akijiunga leo lakini ataanza kuchanga mwezi ujao, hana mahali pa kuandikwa. Na aliyejitoa akifutwa, rekodi za fedha alizochanga zinafutika pamoja naye. Haya ni maradhi matatu ya kila jedwali lililochanganywa, na yote yanatoka kwenye chanzo kimoja: mstari haujui unasimamia nini.

Tutenganishe basi. Jedwali la wanachama, ambamo mstari mmoja ni mtu mmoja. Jedwali la michango, ambamo mstari mmoja ni fedha zilizopokewa mara moja: zimetoka kwa nani, kiasi gani, tarehe gani, ni za mwezi upi, na namba ya muamala wa M-Pesa, kama zimetumwa kwa simu. Jedwali la mikopo, mstari mmoja mkopo mmoja. Jedwali la marejesho, mstari mmoja rejesho moja. Simu ya mtu inaandikwa mahali pamoja tu katika hifadhidata nzima. Salio haliandikwi popote. Salio linakokotolewa kila linapoulizwa, kutoka kwenye michango, mikopo na marejesho, kwa hiyo haliwezi kupingana na vitu vilivyolizaa. Benki kubwa huhifadhi salio kwa ajili ya kasi na hulipa gharama ya kulilinda. Chama cha watu 15 hakina sababu hiyo.

Majedwali yakishatengana, yanahitaji kutambuana. Mstari wa mchango utajuaje kuwa ni wa nani? Jina halifai, maana chama cha wanawake 15 wa Umoja hakikosi Mama Brian wawili. Namba ya simu inabadilika, na wengi wana laini mbili. Namba ya kitambulisho inaonekana nzuri mpaka ufike Eastleigh, ambako jirani na mfanyabiashara mwenzako anaweza kuwa mkimbizi mwenye hati ya aina nyingine, au mpaka umkute kijana aliyetimiza miaka 18 na bado anasubiri kitambulisho chake. Kwa hiyo chama kiwape wanachama namba zake chenyewe, 1, 2, 3 na kuendelea, namba zisizo na maana nyingine yoyote na zisizobadilika kamwe. Huo ndio ufunguo mkuu. Namba hiyohiyo ikiandikwa ndani ya jedwali la michango ili kuelekeza kwa mtu, inaitwa ufunguo wa kigeni.

Nasisitiza namba isiyo na maana nyingine kwa sababu mji huu una kumbukumbu chungu ya namba za watu. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande: karatasi yenye namba yake, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Pumwani, mtaa mkongwe wa Eastlands, ulipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watu haohao waliokuwa wakivikwa vipande. Ofisi ya usajili ilikuwa na rekodi ya kila mfanyakazi na iliweza kumtafuta aliyetoroka kazini. Rekodi ilitunzwa vizuri. Ilitunzwa kwa faida ya nani, hilo ndilo swali ambalo kila msimamizi wa hifadhidata anapaswa kujiuliza anapoongeza safuwima mpya. Chama kinahitaji simu ya mwanachama. Je, kinahitaji kabila lake, dini yake, jina la mwajiri wake? Kama hakuna swali litakalojibiwa na safuwima hiyo, isiwepo.

Hivi ndivyo jedwali la michango linavyoweza kuundwa:

CREATE TABLE michango (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  mwanachama INTEGER NOT NULL REFERENCES wanachama(namba),
  kiasi INTEGER NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  mwezi TEXT NOT NULL,
  tarehe DATE NOT NULL,
  mpesa TEXT UNIQUE
);

Kila neno hapo ni kanuni ya chama iliyogeuzwa kuwa mlinzi asiyelala. REFERENCES inakataa mchango wa mtu ambaye si mwanachama. CHECK inakataa mchango wa sifuri au chini yake. UNIQUE kwenye safuwima ya mpesa ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwanachama hutuma ujumbe wa M-Pesa kwenye kundi la WhatsApp la chama, kisha anautuma tena kwa mweka hazina kwa uhakika, na katibu mwenye haraka anauandika mara mbili. Kwa UNIQUE, mara ya pili hifadhidata inagoma. Waliolipa taslimu hawana namba ya muamala, safuwima yao inabaki tupu, na kanuni haiwasumbui, kwa kuwa tupu mbili hazihesabiwi kuwa sawa.

Mambo mawili madogo yanaharibu kazi nyingi. Kwanza, namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Ukiihifadhi kama tarakimu, 0 ya mwanzo inapotea, na yeyote aliyewahi kunakili orodha ya simu kutoka Excel ameliona hilo. Pili, fedha zisihifadhiwe katika aina ya namba za desimali zinazokadiriwa, kwa maana ndani ya mashine 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Tumia shilingi nzima, au aina ya NUMERIC palipo na senti.

Kuuliza

Swali rahisi la SQL linasomeka karibu kama sentensi:

SELECT jina, simu FROM wanachama WHERE mtaa = 'Kayole' ORDER BY jina;

Nipe majina na simu za wanachama wanaoishi Kayole, yapangwe kwa jina. Hutaji ukurasa, hutaji faili. Hilo ndilo lililokuwa wazo la Codd.

Sasa liulize swali ambalo kila mweka hazina huliuliza mwisho wa mwezi: nani ametoa kiasi gani Machi? Mwanafunzi huandika hivi:

SELECT w.jina, SUM(m.kiasi)
FROM wanachama w
JOIN michango m ON m.mwanachama = w.namba
WHERE m.mwezi = '2025-03'
GROUP BY w.namba, w.jina;

JOIN inamchukua kila mwanachama na kumtafutia michango yake, GROUP BY inawakusanya kwa mtu, SUM inajumlisha. Majibu yanatoka safi, majina 11, na mwanafunzi anafurahi. Lakini chama kina watu 15. Wanne hawapo kwenye orodha, na hao wanne ndio mweka hazina aliokuwa akiwatafuta. Asiyelipa hana mstari katika michango, na JOIN ya kawaida humtupa nje yeyote asiyepata mwenzake upande wa pili.

Hapa nawaomba wasomaji wangu wakae muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika sura hii. Rekodi nyingi huandika yaliyotokea. Maswali mengi ya maana ni kuhusu ambayo hayakutokea: nani hajalipa, mtoto gani hajachanjwa, nyumba gani haijasomwa mita. Hifadhidata inaweza kuyajibu, kwa sharti kwamba uanze na orodha ya wote waliopaswa kuwepo. Kazi hiyo hufanywa na LEFT JOIN, ambayo humbakiza kila wa upande wa kushoto hata akikosa mwenzake. Mwanafunzi anabadilisha neno moja, anaendesha tena, na bado anapata majina 11. Sababu ni ule mstari wa WHERE. Kwa asiyelipa, safuwima ya mwezi ni tupu, tupu si sawa na '2025-03', basi WHERE inamwondoa tena mtu ambaye LEFT JOIN ilikuwa imembakiza. Sharti la mwezi linapaswa kuhamia ndani ya ON:

SELECT w.jina, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM wanachama w
LEFT JOIN michango m
  ON m.mwanachama = w.namba AND m.mwezi = '2025-03'
GROUP BY w.namba, w.jina
ORDER BY jumla;

Sasa wako 15, na wanne wa juu wana 0. COALESCE imegeuza utupu kuwa sifuri, na imefanya hivyo kwa kuwa tumeiambia. SQL yenyewe inatofautisha kwa ukali kati ya sifuri na NULL. Sifuri ni kiasi kinachojulikana. NULL ni kwamba hakuna kilichoandikwa. Ukiuliza kama NULL ni sawa na NULL, jibu si ndiyo wala si hapana, na mstari huo hautatokea. Ndiyo maana tunaandika IS NULL na wala si = NULL.

Kuna mtego mwingine, na huu unaweza kuvunja chama. Tuseme mwanachama amechanga 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, jumla 12,000, na katika mwaka huo alikopa mara mbili. Mwanafunzi anataka ripoti moja yenye michango na mikopo, hivyo anaunganisha wanachama na michango, na palepale anaunganisha na mikopo. Kila mchango kati ya 12 unakutana na kila mkopo kati ya miwili, mistari inakuwa 24, na jumla ya michango inasomeka 24,000. Hakuna kosa lililoonyeshwa kwenye skrini. Mwanachama aliyekopa mara mbili anaonekana amechanga maradufu, na aliyekopa mara tatu anamzidi. Dawa ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwanza, ukapata mstari mmoja kwa kila mtu, ndipo uunganishe majibu. Mtu anayelielewa hili kwa undani, hata kama hajui kitu kingine, nitamwamini na ripoti zangu kabla ya mwenye vyeti vitatu asiyelijua.

Kazi ya msimamizi

Kuuliza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha kilichoandikwa jana kipo leo, na kipo kamili.

Stima hupotea Eastlands bila kupiga hodi. Chukua mkopo wa shilingi 20,000: katika jedwali la mikopo uongezwe mstari wa deni, na katika jedwali la tano, la fedha zilizotoka, uongezwe mstari mwingine. Stima ikikatika baina ya hiyo miwili, chama kina deni ambalo fedha zake hazikutoka, au fedha zilizotoka bila mdaiwa. Kwa hiyo unaandika BEGIN, kisha mistari yako miwili, kisha COMMIT, na hifadhidata inaahidi kuwa vyote vitaingia au hakitaingia hata kimoja. Inatimiza ahadi hiyo kwa kuandika kwanza nia yake katika kumbukumbu ya pembeni iliyo kwenye diski. Mashine ikiwaka tena, inaisoma kumbukumbu hiyo, inakamilisha kilichofungwa kwa COMMIT na kukitupa ambacho hakikufungwa. Mmarekani Jim Gray alitumia miaka yake mingi juu ya nadharia hii ya muamala, na mwaka 1983 Wajerumani Theo Härder na Andreas Reuter wakaziita sifa zake nne kwa herufi ACID. Tangu Safaricom izindue M-Pesa tarehe 6 Machi 2007, Wakenya wanaishi ndani ya ahadi hiyo kila siku. Mitambo iliyobeba huduma hiyo ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, na muda wote huo mama mboga wa Dandora alipokea fedha zilizokatwa kwa mteja kwa muamala uleule, zikaingia zote au zisiingie kabisa.

Kisha kuna suala la nani aruhusiwe kufanya nini. Katika PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, unasema:

GRANT SELECT, INSERT ON michango TO katibu;
GRANT SELECT ON michango TO mkaguzi;

Katibu anaona na kuongeza. Mkaguzi anaona. Hakuna aliyepewa DELETE wala UPDATE, na ninashauri asipewe yeyote, hata mwenyekiti. Kosa likifanyika, lirekebishwe kwa mstari mpya katika jedwali la masahihisho, wenye tarehe, sababu na jina la aliyesahihisha. Wahasibu walikataza kufuta kwa kifutio zamani sana kabla ya kompyuta, na walikuwa sahihi.

Nakala za akiba ndipo wasimamizi wengi hujidanganya. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa akirekebisha hifadhidata usiku akafuta saraka katika seva isiyokusudiwa. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Walipozikimbilia, wakakuta hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani, na nakala iliyowaokoa ilikuwa ya saa sita nyuma, iliyochukuliwa na mtu kwa mkono wake kwa sababu nyingine. Waliandika habari hiyo wazi, hatua kwa hatua, na kila anayejifunza kazi hii inampasa aijue. Kampuni yenye wahandisi wa kulipwa ilikuwa na taratibu tano za nakala na haikuwa imezijaribu.

Kwetu hatari ni za aina nyingine ila zinafikia mahali pamoja. Kompyuta ya mkononi huibwa ndani ya matatu. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15 pamoja na kuteketeza mali. Mwenye kibanda aliyeweka nakala ya hesabu zake katika flashi kwenye droo ya kibanda hichohicho hana nakala. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae mbali zaidi, kwa ndugu Nakuru au kwenye mtandao, ikiwa imefungwa kwa nywila. Na usinakili faili la hifadhidata kwa mkono wakati inatumika, kwa kuwa unaweza kunakili nusu ya muamala. Tumia pg_dump kwa PostgreSQL, au amri ya .backup kwa SQLite.

Halafu sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilitiwa saini Novemba 2019, na ofisi ya Kamishna wa Data ikaanza kazi baada ya Immaculate Kassait kuteuliwa mwaka 2020. Si maandishi ya rafu tu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za wananchi, kama sheria ilivyotaka. Ikiwa serikali nzima ilisimamishwa kwa hilo, katibu wa chama asidhani kwamba orodha ya vitambulisho na madeni ya majirani zake ni mali yake ya kusambaza kwenye WhatsApp. Aibu ya mtu anayedaiwa, katika mtaa ambao kuta ni nyembamba na wote wanajuana, ni jambo zito. Kulinda siri yake ni sehemu ya kazi ya kiufundi sawa na nakala za akiba.

Vifaa havina gharama. SQLite, aliyoitoa Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000, imo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwako na inafanya kazi katika kompyuta dhaifu yoyote ya mtumba. Ina mapungufu mawili ya kukumbuka: haina watumiaji wa kupewa GRANT, na hailindi ufunguo wa kigeni mpaka uiamuru kwa PRAGMA foreign_keys = ON kila unapoifungua. PostgreSQL, iliyokua kutokana na mradi wa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1986, nayo ni ya bure, na ndiyo ya kuhamia ukishakua. Kwa asiye na utulivu nyumbani, kuna tawi la maktaba ya taifa Buruburu, na kuna zile mbili za Makadara na Kaloleni, matawi ya McMillan, maktaba iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee. Usilipie kozi kabla hujajenga kitu kimoja kinachotumika na watu halisi. Ukishakijenga utajua ni kozi ipi unayoihitaji, na pengine utakuta huihitaji.

Basi omba ruhusa kwa chama chenu, chukua daftari la mwaka mmoja, na lihamishe. Chora majedwali yote kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta, na chini ya kila moja andika sentensi moja inayosema mstari wake ni nini. Ingiza data. Chukua nakala, ihamishie kwenye mashine nyingine, uifungue huko, na uhakikishe mistari imetimia. Kisha jumlisha fedha zote zilizoingia, toa zote zilizotoka, na uweke jibu lako kando ya taarifa ya benki ya chama. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, usiongeze kitu kingine chochote mpaka uijue shilingi hiyo ilipo.